Je, Gari Linahitaji Spika za Nyuma?

Anayenunua gari lililotumika mjini Kayanga au Nkwenda huenda akaambiwa bei imepanda kidogo kwa sababu gari lina spika nyuma. Mwingine hushauriwa na fundi aziongeze kwa sababu hazipo. Katika hali zote mbili ni vyema mnunuzi ajue kwanza spika hizo zina kazi gani.

Gari dogo la watu watano halizihitaji. Aliyeketi nyuma yuko karibu sana na aliyeketi mbele, na paa pamoja na vioo humrudishia sauti. Spika mbili nzima katika milango ya mbele hutosha kwa taarifa ya habari na kwa muziki wa kiasi. Magari mengi ya kazi kutoka Japani, zikiwemo baadhi ya Toyota Probox, hutoka kiwandani yakiwa na spika za mbele peke yake, na mnunuzi asiambiwe kwamba gari la namna hiyo lina upungufu. Kwa mkulima anayepakia mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa, spika ya nyuma inaweza hata kuwa hasara, kwa kuwa hutobolewa na mzigo kabla haijatumika mwaka.

Hali hubadilika gari linapokuwa refu. Katika Haisi yenye spika za mbele tu, abiria wa kiti cha mwisho husikia kwa shida, naye dereva huongeza sauti ili kumridhisha. Sauti inapomfikia abiria huyo ikiwa ya kiasi, dereva amekwisha kuzibwa masikio: hasikii honi ya pikipiki inayotaka kumpita, wala mama anayeomba kushuka. Spika za nyuma zikifungwa vizuri, kila safu hupata sauti yake na redio yote huweza kupunguzwa. Hiyo ndiyo faida yake halisi, ingawa wengi huzifunga kwa nia iliyo kinyume kabisa.

Mahali zinapofungwa pana uzito mkubwa. Spika kubwa iliyowekwa chini ya kiti au kando ya kichwa humwadhibu abiria mmoja ili wengine wastarehe. Shirika la Afya Duniani limeshauri kuwa mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 tu. Abiria hana kipimo mfukoni, lakini anaweza kupima kwa mazungumzo: akilazimika kupaza sauti ili asikiwe na jirani aliye umbali wa mkono mmoja, kelele imezidi. Safari ya Kayanga hadi Bukoba inazidi kilomita 100. Abiria husafiri mara moja na kupumzika. Dereva na kondakta huirudia kila siku.

Ukiamua kununua gari lenye spika nne, zijaribu kabla ya kulipa. Washa injini, tafuta kipindi cha mazungumzo badala ya muziki, kisha peleka sauti yote mbele, halafu yote nyuma, kushoto na kulia. Maneno yanapaswa kusikika wazi katika kila spika. Mkwaruzo huashiria karatasi iliyochanika. Mlio unaopanda kadiri injini inavyokanyagwa huashiria waya uliounganishwa vibaya. Angalia pia redio yenyewe. Redio nyingi za magari ya Japani zimetengenezwa kwa masafa ya FM ya huko, yanayoanzia megahezi 76 na kuishia 90 au, kwa redio mpya zaidi, 95, ilhali vituo vyetu hutumia 88 hadi 108. Bila kifaa cha kubadili masafa au redio nyingine, hata spika kumi hazitakuletea vituo vingi vya hapa Kagera. Fedha hiyo ya redio itangulie fedha ya spika.

Kuhusu ufungaji, onyo letu ni moja na ni zito. Fundi asiunganishe spika za nyuma kwenye nyaya zilezile za spika za mbele. Redio hubebeshwa mzigo usiokuwa wake, hupata joto na mwisho huungua. Kila spika iwe na njia yake. Amplifaya ikiongezwa, umeme wake utoke kwenye betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri hiyo. Kuchukua umeme kwenye waya wa taa ni kukaribisha moto ndani ya gari lenye watu.

Dai risiti inayotaja spika ulizofungiwa na kazi iliyofanyika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Abiria anayeudhiwa na kelele ndani ya basi aanze kwa kumwomba kondakta kwa upole. Asiposikilizwa, anakili namba ya gari, tarehe, saa na njia, kisha awasilishe taarifa kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Namba ya gari ndiyo inayosahaulika mara nyingi, na bila hiyo ufuatiliaji huwa mgumu.