TABAKA NA SAFU: FUNZO KUTOKA ZIMBABWE KUU

Katika tafsiri za akiolojia, yaani elimu ya mambo ya kale yafukuliwayo ardhini, maneno "safu" na "tabaka" hutumiwa wakati mwingine kana kwamba maana yake ni moja. Sivyo. Safu ni vitu vilivyopangwa kando kwa kando, kama safu ya askari. Tabaka hulala juu ya jingine. Na lililo chini, lisipovurugwa, ndilo la zamani zaidi.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson, mwanaakiolojia wa Uingereza, alichimba Zimbabwe Kuu pamoja na wanawake wenzake wawili, Kathleen Kenyon na Dorothy Norie. Walowezi wengi walishikilia kuwa kuta zile za mawe zilijengwa na wageni wa kale, wakiwataja Wafoinike na Malkia wa Sheba. Caton-Thompson alitafuta ushahidi katika matabaka, hata yale yaliyo chini ya kuta zenyewe, akahitimisha kuwa wajenzi walikuwa Waafrika, tena wa karne za kati. Hata baada ya 1965 serikali ya walowezi ilizuia ukweli huo usielezwe katika machapisho rasmi. Nchi ilipojitawala mwaka 1980, ilichukua jina la magofu hayo.

Mfasiri akiandika "safu" mahali pa "tabaka", msomaji hataona hoja hiyo ilivyosimama. Kwa hiyo tunapendekeza "tabaka" litumike kwa udongo uliolaliana, na "safu" ibaki kwa vitu vilivyopangwa mstari.