Je, Inafaa Kupoza Pawa Saplai ya Kompyuta kwa Maji?

Hapa kwetu Shinyanga na Geita kiangazi huja na joto na vumbi jingi, hasa karibu na barabara za machimbo. Kompyuta inapozimika ghafla kwa joto, wengine huuliza: injini ya gari hupozwa kwa maji, kwa nini pawa saplai isipozwe vivyo hivyo? Swali ni zuri, lakini jibu lake linagusa uhai wa mtu.

Kwanza tufahamu kazi ya pawa saplai. Ni kile kisanduku cha bati panapochomekwa waya wa umeme nyuma ya kompyuta. Hupokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Katika kugeuza huko, sehemu ya umeme hupotea na kuwa joto. Kwa mfano, ikivuta wati 300 na kutoa 240, basi wati 60 ni joto, sawa na balbu ya zamani iliyofungiwa ndani ya kisanduku.

Prosesa huweza kupozwa kwa maji, kwani maji hupita ndani ya kipande cha shaba kilichozibwa, na umeme wake ni volti moja hivi. Pawa saplai ni kitu kingine. Kapasita zake kubwa hufikia volti 325 hivi. Bomba likivuja, maji yetu yenye chumvichumvi hupitisha umeme. Matokeo ni shoti, moto au mauti. Zipo chache zilizotengenezwa kiwandani kwa kupitisha maji, lakini si kazi ya kujaribia nyumbani.

Tazameni transfoma za kwenye nguzo mitaani: nyingi zina mafuta, si maji, kwa sababu mafuta yale huchukua joto bila kupitisha umeme.

Basi tufanye nini?

1. Zima kompyuta na uchomoe waya kabla ya kusafisha.
2. Puliza vumbi kupitia matundu, bila kufungua kisanduku. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa.
3. Weka kompyuta juu ya meza, mbali na ukuta, hewa ipite.
4. Feni isipozunguka, usiendelee kuitumia. Mpelekee fundi au ubadilishe pawa saplai nzima.

Kompyuta ikiungua hununuliwa nyingine, uhai haununuliwi.