Tangazo la kizazi si cheti: Usisubiri mtoto aombe mkopo ndipo ujue

Arusha. Chukua mfano wa mama anayeishi Sakina, kandokando ya barabara iendayo Namanga. Kijana wake amemaliza kidato cha sita, amefaulu vizuri na anataka kuomba mkopo wa elimu ya juu. Mama anafungua sanduku, anatoa karatasi aliyoitunza kwenye mfuko wa nailoni kwa miaka 19, na wote wawili wanakwenda steshenari kujaza maombi.

Kijana wa steshenari anaitazama, kisha anamrudishia.

“Mama, hili ni tangazo la kizazi. Bodi ya Mikopo wanataka cheti cha kuzaliwa.”

“Si ndiyo hilo hilo, mwanangu?”

“Hapana, mama. Cheti kinatolewa na RITA.”

Mazungumzo ya namna hii hayashangazi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa ni asilimia 26 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa. Wengi wa watoto wa kipindi hicho sasa wana umri wa kuwa shuleni, na baadhi ya wazazi wao bado wanaamini kuwa karatasi ya hospitali inatosha.

<b>Karatasi mbili, kazi mbili</b>

Tangazo la kizazi ni taarifa kwamba mtoto amezaliwa. Hutolewa na kituo cha afya alikozaliwa. Cheti cha kuzaliwa ni uthibitisho kwamba taarifa hiyo imeingizwa kwenye daftari la Serikali. Kwa Tanzania Bara, kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA).

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ana haki ya kuwa na jina na uraia, na kwamba kumsajili ni wajibu wa mzazi au mlezi. Maana yake, hospitali ikishakukabidhi tangazo, hatua inayofuata ni yako.

<b>Hesabu siku kwa kadi ya kliniki</b>

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Njia rahisi ya kukumbuka ni ratiba ya chanjo. Chanjo ya wiki ya 10 huangukia siku ya 70, kwa hiyo bado una muda. Ya wiki ya 14 huangukia siku ya 98, na hapo siku 90 zimeshapita. Ukienda kliniki wiki ya sita au ya 10, uliza pia habari za cheti.

Siku zikipita, mlango haujafungwa. Kuna mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanza mkoani Mbeya mwaka 2013 na kuenea mikoa mingine, Arusha ikiwemo. Kupitia mpango huo mtoto husajiliwa na kupewa cheti bila malipo kwenye kituo cha afya au ofisi ya mtendaji wa kata. Aliyezaliwa nyumbani naye asiachwe. Mzazi aanzie kwa mtendaji.

<b>Herufi moja, usumbufu wa miaka</b>

Kabla ya kuondoka dirishani, soma cheti neno kwa neno. Je, ni Laizer au Laiser? Mollel au Molel? Tarehe ni ya kuzaliwa au ya kuandikishwa? Mahali pa kuzaliwa ni pale mtoto alipozaliwa, hata kama familia inaishi kwingine. Aliyezaliwa Hospitali ya Mount Meru hakuzaliwa Sakina.

Kosa hilo halibaki kwenye cheti tu. Jina hilo huhamia shuleni, kwenye vyeti vya mitihani, bima ya afya na pasipoti. Akifikisha miaka 18 na kuomba kitambulisho cha Taifa, tarimu nane za mwanzo za namba yake ya NIDA zitakuwa mwaka, mwezi na siku yake ya kuzaliwa. Tarehe ikikosewa leo, huenda akatembea na kosa hilo maisha yake yote.

<b>Baba asipokuwepo</b>

Wapo kina mama wanaochelewa kwa sababu baba wa mtoto amesafiri, amekana au hawajafunga ndoa. Mama anaweza kumsajili mtoto wake. Kwa wasiofunga ndoa, jina la baba huandikwa pale mwenyewe anapokubali, lakini ukimya wake si sababu ya mtoto kukosa cheti. Usiandikishe jina la mjomba au babu kama baba ili kujaza nafasi. Uongo huo humrudia mtoto siku nyaraka zake zitakapolinganishwa.

<b>Aliyevuka miaka mitano</b>

Huyu huombewa cheti kupitia ofisi ya RITA ya wilaya au mfumo wa eRITA kwenye mtandao, kwa kulipia ada. Kusanya ushahidi: tangazo, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au falaki, nyaraka za shule na barua ya mtendaji. Kadiri miaka inavyosogea ndivyo ushahidi unavyopotea. Kadi ya kliniki huloa, hospitali hubadilisha mafaili, na bibi aliyekuwepo siku ya uchungu hufariki.

Kwa yule kijana wa Sakina, safari haijaisha. Tangazo ambalo mama alilitunza vizuri ndilo litakalomsaidia kupata cheti. Lakini ni lazima aombe, asubiri, kisha cheti kihakikiwe na RITA, huku dirisha la mikopo likiwa na tarehe yake ya kufungwa.

Leo jioni, watoto wakishalala, toa bahasha uangalie. Kama karatasi iliyomo imeandikwa “tangazo”, kesho una safari.