Umri, Kizazi au Zama?

Bibi yangu, mzaliwa wa Mji Mkongwe, akiwa jikoni bado huimba nyimbo za Awara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Nilimuuliza mbona haendi tena sinema. "Mambo ya ujana hayo, mjukuu wangu." Akapepeta mchele kidogo, kisha akaongeza: "Na sinema yenyewe ya Majestic si ilishafungwa?"

Hapo alitoa majibu mawili yanayogombana. La kwanza ni umri: watu wakikua, hupunguza kutoka usiku. La pili ni zama: majumba yamefungwa, televisheni imeingia sebuleni. Watafiti huongeza la tatu, kizazi: aliyelelewa na sinema huenda akaipenda hadi uzeeni. Tatizo ni kwamba umri wako ni mwaka huu (zama) ukitoa mwaka uliozaliwa (kizazi). Ukishavijua viwili, cha tatu hakina uhuru tena, na hakuna wingi wa takwimu utakaolifungua fundo hilo peke yake.

Uingereza inalionesha vizuri. Mwaka 1946 ziliuzwa tiketi zipatazo bilioni 1.6, yaani kila mtu, kichanga na kikongwe wakihesabiwa, zaidi ya mara 30 kwa mwaka. Mwaka 1984 zilikuwa milioni 54 tu, hata tiketi moja kwa kichwa haifiki. Kijana wa miaka 14 mwaka ule wa 1946 sasa alikuwa na 52. Tukimkuta nyumbani mbele ya televisheni, tuseme amezeeka?

Mimi nasema zama ndizo zilizomtoa, maana umri hauwezi kuporomosha mauzo ya nchi nzima kiasi hicho. Lakini umri nao haukosi lake. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 1943, kumbi zikiwa zimejaa na matangazo ya televisheni yamesimamishwa kwa ajili ya vita, ulikwishaonesha kuwa vijana ndio waliokwenda sana, wazee kwa nadra.

Siku hizi baadhi ya kumbi za huko huwaita wazee mchana, tiketi za bei nafuu, chai na biskuti juu yake. Nilimsimulia Bibi.

"Chai ninayo," akasema, macho kwenye ungo. "Wanaonesha Raj Kapoor?"