Kifaru Nacho Huchemsha



Juma lililopita kijana mmoja alinisimamisha kituo cha basi akaniuliza, "Mzee, samahani, hivi kifaru nacho huchemsha?" Alikuwa ameona kwenye televisheni picha za vita vya jangwani, vifaru vikikimbia na vumbi likifuka nyuma yake. Nikamjibu kuwa ndiyo, tena kuliko basi. Kabla sijaeleza zaidi basi lake likaja, tukaachana. Leo nataka kulimaliza jibu langu.

Sote tunajua gari likichemsha hutokea nini. Dereva hulipeleka kando, abiria wakashuka kutafuta kivuli, na utingo akakimbilia maji. Askari wa kifaru hana nafasi hiyo. Akisimama mbele ya adui, amekwisha.

Tuchukue kifaru cha Kiingereza kiitwacho Challenger 2. Kina uzito wa zaidi ya tani 60, na kinasukumwa na injini ya dizeli yenye silinda 12 na nguvu za farasi 1,200. Injini hiyo imefungiwa ndani ya sanduku la chuma kinene. Rejeta hufanya kazi kwa sababu hewa ya nje ni baridi kuliko maji yanayotoka kwenye injini. Sasa mpeleke kifaru huyo Kuwait au kusini mwa Iraq wakati wa kiangazi, ambako joto la kivulini huweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi. Hewa hiyo haipozi vizuri. Tena hewa ya moto ni nyepesi, ina oksijeni kidogo, kwa hiyo injini hupungua nguvu wakati ule ule inapolazimika kuvuta tani 60 katika mchanga.

Lakini joto lina ndugu yake, naye ni vumbi. Mwaka 2001 majeshi ya Uingereza yalifanya mazoezi makubwa pamoja na jeshi la Oman, nchi ambayo wengi wetu tuna jamaa huko. Mazoezi yaliitwa Saif Sareea II, yaani upanga wa kasi. Kasi ikakwama kwenye vumbi. Vumbi la huko ni laini kama poda, na lilijaza machujio ya hewa ya vifaru hata mengine yakahitaji kubadilishwa baada ya saa 4 tu za kazi. Machujio ya plastiki ya mizinga inayojiendesha yaliyeyuka. Hata soli za buti za baadhi ya askari ziliachia.

Ofisi ya Ukaguzi ya Uingereza ilitoa taarifa mwaka 2002, na hapo ndipo penye jambo la kufikiri. Haikuwa kwamba mafundi hawakujua dawa. Vifaru hivyo vingeweza kutayarishwa kwa jangwa, lakini wakubwa waliona gharama ni kubwa, wakaviacha vilivyo. Bahati yao yalikuwa mazoezi tu. Mapema mwaka 2003, vita vya Iraq vilipokuwa mlangoni, ndipo vilipofungwa machujio bora na mapazia ya kuzuia vumbi, kwa haraka haraka, huko huko Kuwait.

Tuseme injini imepona. Bado mzinga. Jua hupiga mtutu upande wa juu, chini kukawa na kivuli. Chuma cha juu hutanuka zaidi na mtutu hupinda kidogo mno, jicho halioni. Lakini ukipotoka milimita 1 kwa kila mita, kombora litakosa kwa mita 2 shabaha iliyo umbali wa kilomita 2. Ndiyo maana mtutu huvalishwa koti la kusawazisha joto. Baruti nayo ikipata moto huungua upesi zaidi na kulisukuma kombora kwa kasi kubwa, kwa hiyo kompyuta ya kulengea lazima iambiwe joto la baruti. Ile darubini inayoona kwa joto nayo hupata taabu pale mchanga unapokuwa na joto sawa na kifaru cha adui.

Na ndani ya chuma hicho wamo binadamu, watatu au wanne. Ndani huwa moto kuliko nje. Katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991, askari walivaa pia nguo nzito za kujikinga na gesi ya sumu. Ashukuriwe Mungu mapigano ya nchi kavu yalifanyika Februari, wakati wa baridi. Mtu aliyepungukiwa maji mwilini hukosea; anaweza hata kumpiga mwenzake. Falme za Kiarabu zilipoagiza vifaru vya Leclerc kutoka Ufaransa mwaka 1993, zilitaka viwe na injini ya Kijerumani na mitambo ya kupoza hewa. Wao ni wenyeji wa jangwa, hawakusubiri kufundishwa.

Kwa hiyo, kijana wangu wa kituo cha basi, kama unanisikiliza: kifaru mnyama akishikwa na joto hujitosa matopeni. Kifaru cha chuma hakiwezi. Anayekituma jangwani ndiye wa kukitayarisha, na akibana fedha za chujio, atakayelipa ni askari aliyemo ndani.

Hadi juma lijalo, kwaherini.