Pumzika, lakini kliniki haingoji arobaini

Mama uliyejifungua, hongera. Karatasi hii ni yako. Ni ya mumeo pia, ya mama mkwe wako, ya jirani anayekutekea maji, na ya kila mtu mnayeishi naye nyumba moja. Ukimaliza kuisoma, msomee mwenzako asiyejua kusoma.

Katika makabila yetu mengi, mwanamke aliyezaa hukaa ndani siku kadhaa, pengine hata siku arobaini. Hupikiwa, hukandwa kwa maji ya moto, wala hatumwi kuni. Desturi hiyo ni nzuri, kwa sababu mwili uliozaa unahitaji kupumzika. Lakini mama au mtoto akiugua, wapo wanaosema, "Tungoje arobaini ipite, ndipo atoke." Maneno hayo yamezika watoto. Kati ya watoto wachanga wanaokufa duniani kabla ya kutimiza mwezi mmoja, kama robo tatu hufa katika wiki ya kwanza. Na mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa katika saa chache. Basi pumzika, lakini usijifiche.

NIENDE KLINIKI MARA NGAPI?

Hata kama wewe na mtoto hamwumwi, muonwe na mkunga au muuguzi mara nne:

1. Katika saa 24 za kwanza. Ukijifungulia kliniki, usikimbilie kurudi nyumbani. Kaa hapo angalau siku moja. Ukijifungulia nyumbani au njiani, nenda upesi, na mtoto umpeleke.
2. Siku ya tatu.
3. Kati ya siku ya 7 na siku ya 14.
4. Wiki ya sita.

Utapimwa damu inayokwenda kasi, joto la mwili, na tumbo kama linarudi vizuri. Mtoto atapimwa uzito, atatazamwa kupumua kwake, macho na kitovu. Atapata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio mara tu baada ya kuzaliwa, na chanjo nyingine kuanzia wiki ya sita. Usishtuke mtoto akipungua uzito kidogo siku za kwanza. Watoto wengi hupungua, kisha huurudisha uzito huo kabla ya wiki mbili kwisha.

Kadi ya kliniki itunze pamoja na karatasi zako za ukimbizi. Mkihamishwa, kadi hiyo ndiyo itakayomweleza muuguzi mgeni kuwa mtoto ameshapata nini.

MTOTO ALE NINI?

Ale ziwa lako, basi. Mweke kifuani katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Yale maziwa mazito ya manjano yanayotoka kwanza si machafu, wala usiyakamue na kuyamwaga. Ni machache, lakini yana kinga nyingi, nayo ni kama chanjo yake ya kwanza.

Kwa miezi sita usimpe kitu kingine: maji, maji ya sukari, uji, wala dawa za mitishamba. Hata wakati wa joto kali, maji anayoyahitaji yamo ndani ya maziwa yako. Mnyonyeshe kila anapotaka, mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku. Baada ya miezi sita anza kumpa chakula laini, na uendelee kumnyonyesha mpaka afikishe miaka miwili au zaidi.

Wengi huuliza, "Mimi nakula mgao mdogo, maziwa yatatoka wapi?" Mama asiyekula vizuri hudhoofika yeye mwenyewe, lakini maziwa yake bado ni mazuri kwa mtoto. Maziwa huja kwa kunyonywa. Mtoto akinyonya zaidi, nayo huongezeka. Utajuaje kama anashiba? Baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, na uzito wake hupanda. Ukiwa na wasiwasi, mpeleke apimwe kabla ya kununua kopo la maziwa.

Kopo lina hatari kubwa kambini. Maziwa ya unga yanataka maji yaliyochemka, chupa iliyochemshwa, kuni za kuchemshia mara nyingi kwa siku, na pesa za kununua kopo jingine. Ni nani kati yetu aliye na hayo yote kila siku? Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1994 karibu na Goma, jinsi kipindupindu na kuhara damu vilivyoua makumi ya maelfu ya wakimbizi kwa wiki chache. Maji machafu hayachagui mtu, na mtoto mchanga ndiye mwepesi kuliko wote. Ndiyo sababu mashirika hayagawi maziwa ya kopo ovyo kambini. Mtoto aliyefiwa na mama, au ambaye mama yake hawezi kumnyonyesha kabisa, apelekwe kliniki. Huko watatafuta njia salama, na familia itafundishwa kumnywesha kwa kikombe safi badala ya chupa.

Mama mwenye virusi vya UKIMWI naye anyonyeshe, bila kuchanganya na chakula kingine kwa miezi sita, na ameze dawa zake kila siku bila kuruka. Mtoto apewe dawa yake na apelekwe kupimwa anapotimiza wiki nne hadi sita.

JOTO NA KITOVU

Usimwogeshe mtoto kabla saa 24 hazijapita. Mkaushe, mvike kofia, mlaze kifuani pako ngozi kwa ngozi, na mfunikwe wote wawili kwa kitenge au blanketi. Usiku katika hema la shitingi kuna baridi, na mtoto mchanga hupoa upesi kuliko mtu mzima.

Mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, au kabla ya miezi yake kutimia, anahitaji kifua cha mama zaidi ya wote. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Kolombia, madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez walikuwa na watoto njiti wengi na mashine za joto chache. Wakaanza kuwafunga watoto vifuani mwa mama zao, kama mnyama kangaruu anavyombeba mwanawe mfukoni. Leo njia hiyo inatumika hata katika hospitali kubwa zenye mashine. Mama akichoka, baba au bibi aliye safi na mzima ambebe mtoto kifuani kwa zamu. Muuguzi atawaonyesha namna ya kumfunga ili apumue vizuri.

Kitovu kiache kikavu na safi. Usipake majivu, udongo, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya kupikia wala mate. Vitu hivyo huingiza wadudu wa pepopunda na magonjwa mengine. Kunja nepi chini ya kitovu. Kama mkunga amekupa dawa ya kitovu, itumie alivyokuelekeza, na iwekwe mbali na matone ya macho: ni ya kitovu tu, ikiingia machoni huumiza vibaya. Kitovu huanguka chenyewe, kwa kawaida kabla ya wiki mbili. Usikivute.

Kila anayemshika mtoto anawe mikono kwa sabuni kwanza. Mtoto na mama walale ndani ya chandarua kila usiku. Chandarua si cha kufugia kuku wala cha kuuza.

NA WEWE MAMA?

Anayenyonyesha ana njaa ya haki. Ongeza mlo mmoja mdogo au miwili kwa siku, hata kama ni kiporo cha maharagwe kilichopashwa moto vizuri. Sombe, lengalenga, ndagala, mafuta ya mawese, karanga na ndizi ni vyakula bora, usiviachie watu wazima wenzako tu. Kunywa maji mengi safi. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa vimeze vyote, hata kama choo kinakuwa cheusi. Weusi huo si ugonjwa.

Usibebe ndoo kubwa wala mzigo wa kuni wiki za kwanza. Kutembea kidogo ni kuzuri. Kazi nzito ni mbaya. Damu baada ya kuzaa hupungua siku hadi siku. Badilisha vitambaa mara kwa mara, vifue kwa sabuni na uvianike juani, wala si kuvificha chini ya mkeka.

Mimba nyingine inaweza kuja kabla hujaona damu ya mwezi. Kunyonyesha huzuia mimba endapo mambo haya matatu yako pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya ziwa tu mchana na usiku, na wewe hujaanza kuona siku zako. Moja likikosekana, kinga hiyo imekwisha. Zungumza na mkunga kuhusu uzazi wa mpango kabla ya wiki ya sita.

MOYO UKIWA MZITO

Mama wengi hulia bila sababu siku chache baada ya kuzaa, kisha hali hiyo hupita. Lakini kama huzuni inazidi wiki mbili, kama hulali hata mtoto akilala, hutaki kula, hutaki kumshika mtoto, au unawaza kujidhuru au kumdhuru yeye, huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Haukuletwa na uvivu, wala hukurogwa. Unatibika.

Hapa kambini wapo waliojifungua bila mama yao wa kuwakanda, waliofiwa na waume njiani, na waliopata mimba kwa kubakwa vitani. Dada, kama ni wewe, huna kosa, na mtoto hana kosa. Huhitaji kueleza mambo hayo mbele ya watu. Mwambie muuguzi tu, "Nataka kuongea nawe peke yangu." Nanyi majirani, mkimwona mzazi amejifungia kimya, msimseme. Bisheni hodi, mchukueni mtoto saa moja ili mama alale.

DALILI ZA HATARI

Ukiona hata moja ya dalili hizi, nenda kliniki saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.

Kwa mtoto:
– anakataa kunyonya, au ananyonya kwa udhaifu;
– ana degedege;
– anapumua haraka (pumzi 60 au zaidi kwa dakika), au kifua kinabonyea anapopumua;
– mwili ni wa moto sana, au ni wa baridi hata akifunikwa;
– amelegea, hatikisiki mpaka aguswe;
– amekuwa wa manjano siku ya kwanza, au viganja na nyayo ni za manjano;
– kitovu kinatoa usaha, au ngozi yake ni nyekundu.

Kwa mama:
– damu inatoka nyingi na kulowesha vitambaa upesi, au inaongezeka badala ya kupungua;
– degedege, au kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu;
– homa, au uchafu unaonuka ukeni;
– tumbo kuuma sana;
– kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma;
– ziwa kuvimba, kuwa jekundu na kuuma pamoja na homa.

Mkiwa njiani, mama aendelee kumnyonyesha mtoto kama anaweza kunyonya, na ambebe kifuani apate joto.

AKINA BABA, KAZI YENU NI HII

Mama anayetokwa na damu hawezi kujipanga. Jipangeni kabla hajajifungua. Nani atambeba? Nani atabaki na watoto wengine? Mhudumu wa afya wa mtaa wenu anakaa wapi, na usiku anapatikanaje? Asiwepo mtu wa kusema mama hatoki mpaka mume arudi kutoka shambani au kibaruani. Toa ruhusa hiyo mapema, mbele ya mama mkwe na majirani, ili siku ya hatari pasiwe na ubishi.

Kazi ya pili ni karatasi. Mtoto aliyezaliwa kambini ana haki ya kuandikwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umelisema hilo katika ibara ya 7. Chukua taarifa ya kuzaliwa kutoka kliniki, uipeleke ofisi ya uandikishaji ili mtoto aingizwe katika kadi ya familia, na uulize utaratibu wa hati ya kuzaliwa. Asiyeandikwa huwa shida kwenye mgao, na baadaye shuleni au siku ya kurudi nyumbani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Joto la mtoto linaloguswa asubuhi ni ufa. Damu iliyoongezeka jioni ni ufa. Ukija kliniki na ikaonekana kuwa hakuna ugonjwa, hujampotezea mtu wakati. Utarudi nyumbani, utajifunika, na utaendelea na arobaini yako kwa amani.