Mule Waliangalia Sinema, Leo Motokari Zinalala

Kama ulikomalia mu kambi ya kompani, bila shaka ulisikia wazee wakielezea sinema ya siku ya mposho. Watu wanatoka na viti vyao na mikeka, kitambaa cheupe kimefungwa vizuri, mashini inaanza kulia, na watoto wanapiga kelele mbele hata picha haijatokea. Na penye kulikuwa jumba ya kweli, yenye viti na plafo, watu walivaa nguo ya Siku ya Mungu juu ya kuingia. Sasa uende uangalie zile nyumba leo. Moja ni kanisa. Ingine ni depo ya unga. Ingine kuta tu ndizo zinasimama, na majani yanaota mule viti vilikuwa.

Nimesikia mabishano mengi juu ya nyumba kama zile: tubomoe ao tuuzishe? Tupatie wenye kusali? Njo maana leo nataka kukupeleka mbali kidogo, mupaka Detroit, mu inchi ya Marekani. Usiseme, "Aa, Muchungaji, ile ni mambo ya kwao." Detroit ni muji uliokomaa juu ya kazi moja, sawa miji yetu. Sisi, shaba. Wao, motokari.

Tuanzie mbele ya sinema. Mu mwaka wa 1896, fundi mumoja alikuwa anapanga nyumba ku avenue Bagley, karibu na katikati ya muji. Jina lake Henry Ford. Muchana alitumika ku kompani ya umeme. Usiku alijifungia mu kibanda cha matofali nyuma ya nyumba, kibanda cha kutia makaa na kuni, na mule alitengeneza gari ndogo ya magurudumu ine, yenye moteri. Tarehe 4 ya mwezi wa 6 gari ilikuwa tayari. Akataka kuitosha inje: haipite! Mulango ulikuwa mwembamba kuliko gari. Fundi mukubwa vile, hakukuwa amepima mulango! Akakamata shoka, akavunja matofali, njo gari ikatoka mu barabara. (Wamama wenye bwana zao wanatengeneza vitu mu chumba cha kulala, mutafurahi kusikia ile.)

Miaka makumi tatu kisha, Detroit ilikuwa imetajirika kupita kiasi. Ku ile ile nafasi ya kibanda cha Ford wakajenga etaje 13 za mabiro, na pembeni yake, mu jengo moja, jumba ya sinema yenye kuitwa Michigan Theatre. Ilifunguliwa tarehe 23 ya mwezi wa 8, 1926. Viti vilipita 4 000. Fikiri kwanza ile hesabu: kambi muzima inaweza kuingia, baba, mama na watoto, na viti vinabakia. Wachoraji wa jengo, Rapp na Rapp wa Chicago, waliifanya kama nyumba ya wafalme wa zamani wa Ufaransa: nguzo ndefu, mataa makubwa ya vioo, plafo yenye maua na rangi ya zahabu. Mutumikaji mwenye mafuta ya mashini ku vidole alilipa tiketi yake, na kwa saa mbili tatu alikaa kama mufalme. Wenye kujenga walijua vizuri kwamba watu hawakuje juu ya picha tu.

Wakati ule picha zilikuwa hazisemi. Kwa hiyo mule kulikuwa orkestra na kinanda kikubwa cha Wurlitzer, chenye kulia kama mvua, kama treni, kama kilio cha mwanamuke, kufuatana na picha. Kisha sinema ikaanza kusema yenyewe, na kinanda kikakosa kazi. Mu miaka ya 1950 mutu mumoja wa Wisconsin alikinunua, akakifungua kipande kwa kipande, akaenda kukisimamisha mu chumba cha chini ya nyumba yake.

Kwa nini jumba ilikufa? Watu wanasema televizio. Ni kweli, mutu akiwa na picha mu nyumba yake, tiketi inakuwa nzito mu mufuko. Lakini kuko sababu ingine, na mu Detroit ile inauma zaidi: motokari yenyewe. Mutumikaji alipopata motokari yake, na serikali ikajenga barabara kubwa kubwa, alihama, akaenda kuikala inje ya muji. Magaribi anarudia kwake, mbali. Nani atarudi tena katikati ya muji juu ya sinema, na motokari aiache wapi? Mu mwaka wa 1950 Detroit ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja na 800 000. Waliohesabiwa mu mwaka wa 2020 walikuwa 639 111.

Michigan Theatre ilifunga sinema mu mwaka wa 1967. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliigeuza nafasi ya muziki wa vijana, wa gitari za kelele, na jina likakuwa Michigan Palace. Vijana walivunja mingi. Mu mwaka wa 1976 ile nayo ikaisha.

Sasa, musomaji, sikiliza vizuri, hapa njo kuna kazi. Wenye kupanga mabiro mu zile etaje 13 walisema: tunataka nafasi ya motokari zetu, kama hapana, tunahama. Mwenye jengo akafikiri kubomoa sinema, apate kiwanja. Waenjenia wakapima, wakamwambia: hapana. Sinema na mabiro vilijengwa pamoja, kuta zinashikana. Ukiangusha moja, ingine inaregea. Basi mu mwaka wa 1977 walitosha viti na sehemu kubwa ya balkoni, wakajenga mule ndani sakafu za beto, etaje tatu, nafasi ya motokari 160 hivi. Plafo hawakuigusa. Ile arki kubwa ya mbele, penye pazia lilikuwa, ingali pale.

Kwa hiyo leo mutu wa biro anaingia na motokari yake, anazima moteri, anatoka, na juu ya kichwa chake kuko maua ya plasta ya 1926, yamepasuka, rangi inatoka vipande vipande. Wageni wanatoka mbali juu ya kuja kuangalia tu. Wenye kutengeneza sinema nao wamekuja: mu filme "8 Mile" ya mwaka wa 2002, ile garaji inaonekana. Ni pahali motokari ilizaliwa mu kibanda cha makaa, na motokari imerudia kulala pale pale. Kuko watu wanacheka juu ya ile. Mimi siwezi kucheka sana. Garaji ile, hata kama haipendeze, njo inashika plafo ile mupaka leo. Bila motokari, mabiro yangekimbiwa.

Lakini usifikiri njia ilikuwa moja tu. Mwaka ule ule wa 1977, mu New York, kartie ya Queens, sinema ingine kubwa ilifungwa: Loew's Valencia, ya mwaka wa 1929, viti karibu 3 500, plafo imechorwa kama mbingu ya usiku. Kompani haikuiuzisha. Ilipatia kanisa bure, Tabernacle of Prayer. Wenye kusali waliikamata, wakaitunza. Na mu Detroit yenyewe, sinema Fox ya mwaka wa 1928, yenye viti karibu 5 000, ilinunuliwa na famili moja yenye kutajirika na kazi ya pitsa, famili ya Ilitch. Waliitengeneza yote, ikafunguliwa tena mu mwaka wa 1988, na watu wanaingia mupaka leo juu ya muziki na teatre.

Unaona tofauti? Kwa maoni yangu si uzuri wa nyumba. Zote tatu zilikuwa nzuri. Tofauti ni nani alikuwa karibu siku nyumba ilifungwa, na alikuwa na nini mu mufuko. Sisi tunajua ile. Gécamines ilitosha zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka mu miaka ya 1980. Mu mwezi wa 9, 1990, mugodi wa Kamoto ulianguka, na mu mwaka wa 1994 zilibakia tani 30 000 hivi. Mu 2003 watumikaji zaidi ya 10 000 walitoka na ile "départ volontaire". Kompani ikilala hivi, nani anafikiri bati ya jumba ya sinema? Mvua inaingia mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu mbao zimeoza, mwaka wa tano zimeshaibiwa. Detroit nayo ilifika mu mwaka wa 2013 mbele ya tribinali na madeni ya miliari 18 hivi ya dolare. Leo kobalti ya kwetu inaingia mu betri za motokari za umeme, na feza inaonekana tena mu miji fulani. Ile jumba yenu itaikumbuka nani?

Kama mu kambi yenu jumba ya sinema ingali inasimama, utuandikie. Sema inatumika kazi gani sasa, nani iko na funguo, na bati iko namna gani. Na mbele watu hawajaanza kubomoa ukuta, muulize fundi kwanza ule ukuta unashika nini.